Fundi wa Mbao za Mawimbi

Ukienda kwa Fundi kutaka ubao, hakukuuliza urefu wako wala uzito wako. Alikuuliza maswali mawili, huku akijipangusa unga mweupe kwenye nyusi. La kwanza: "Wenda kupanda mawimbi pande gani?" La pili: "Mwezi leo una siku ngapi?"

Swali la kwanza kila mtu alilijibu. La pili liliwakwamisha wengi. Kuna waliodhani mzee anawapima dini, kuna waliochomoa simu mfukoni, na kuna yule kijana wa kutoka Nairobi aliyejibu kwa fahari, "Leo ni tarehe kumi na nne, buda." Fundi alimtazama kwa huruma, akamvutia kiti, akamwagizia chai. Kijana alikaa pale saa mbili nzima. Alipoondoka hakuwa na ubao, lakini alikuwa anajua bamvua ni nini.

Bamvua ni yale maji ya mwezi mpya na mwezi mpevu, yanayojaa mpaka yakafunika mwamba wote, kisha yakapwa mpaka ukaona bahari imekuwa uwanja. Katikati ya nyakati hizo mbili ndipo huja maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Fundi alikuwa na imani moja ambayo hakuiacha kwa miaka yote niliyomjua: kwamba ubao hauchongwi kwa ajili ya mtu, huchongwa kwa ajili ya maji, kisha mtu hutafutwa nafasi juu yake. "Maji hayabadiliki kwa sababu yako wewe umevaa kaptura mpya," alikuwa akisema, na alikuwa akiwatazama hasa wale waliovaa kaptura mpya.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba yake Changamwe, upande wa kwenda Airport, mahali ambapo ndege ikishuka mazungumzo yote husimama. Wengine wangepaza sauti. Fundi hakushindana na ndege. Aliinua kidole kimoja, akanyamaza, ndege ikapita, akaendelea palepale alipoachia, hata kama ilikuwa katikati ya neno. Ukikaa naye mchana kutwa ulijikuta nawe umeanza kuinua kidole. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo, mwendo wa dakika tano kutoka kwake, na mara nyingi saa ya chakula cha mchana nilikula huku nimekaa juu ya debe la rezini. Hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita Karani, nami nilimwita Fundi kama walivyomwita wote, pamoja na mkewe.

Zamani alikuwa mtengenezaji wa makontena ya baridi, yale yanayosafirisha samaki na maparachichi. Kuta za makontena hayo zimejazwa povu gumu la rangi ya maziwa ya jana, jepesi ajabu, na ukuta ukigongwa na mashine ya kupakia, povu hukatwa vipande na kutupwa. Fundi ndiye aliyekuwa akikata. Siku moja, kwa maelezo yake, alitupa kipande kirefu kwenye dimbwi la mvua pale yadini, kikaelea, akasimama akakitazama mpaka msimamizi akamwuliza kama anaumwa. Tangu hapo vipande havikutupwa tena. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuogopa haramu kuliko kuogopa simba, alimwomba bosi wake barua ya ruhusa, ikapigwa muhuri. Barua hiyo aliitia fremu, akaitundika karakanani kando ya kalenda yenye picha ya Makka. Mgeni akisifu ubao, kwanza alionyeshwa barua.

Povu lilichongwa kwa randa, likasuguliwa kwa msasa, kisha likavikwa kitambaa cha faiba na kumwagiwa rezini, ile gundi ya majimaji inayokauka ikawa ngumu. Kuchonga kulitoa unga uliofunika kila kitu, ukiwamo uso wake. Mkewe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuimbia harusi, alikuwa akitokea mlangoni na sinia ya chai na kusema, "Nimeolewa naye mweusi, nazeeka naye mweupe." Rezini nayo ilikuwa na harufu ya kuingia mpaka kwenye godoro. Kwa hivyo siku za kumwaga rezini nyumba saba za jirani zilipelekewa mahamri ya moto. Hakuna jirani aliyewahi kulalamika. Watoto wa mtaa wakisikia ile harufu kali walianza kuruka, maana kwao hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya mahamri.

Alitengeneza maumbo matatu tu, na majina aliyatoa mwenyewe.

Mlango ulikuwa mrefu, mpana, mnene katikati, na omo yake, yaani ncha ya mbele, ya duara. Huo ulikuwa ubao wa Kisauni, ninakoishi. Kule mwamba uko mbali na pwani. Wimbi huvunjikia huko nje, kisha linajikokota mpaka ufuoni likiwa limechoka, na anayetaka kubebwa na aliyechoka lazima ajifanye mwepesi. Kolekole ulikuwa mfupi, mpana kifuani, mkia wake umegawanyika mara mbili kama wa samaki mwenye jina hilo. Huo wa Likoni, pale ufuo wa Shelly, ambako mwamba uko karibu na mawimbi ni mafupi, ya haraka, na huvunjika kabla hujamaliza bismillahi. Wa tatu, Chuchunge, ulikuwa mwembamba kama yule samaki wa mdomo wa sindano, umechongoka mbele na nyuma. Huo ulikuwa wa msimu wa upepo mkali wa kusi, siku za bamvua, huko nje penye pengo la mwamba ambako wimbi linasimama kweli. "Chuchunge haupindi," alisema. "Wenda mbele tu, na wenda upesi. Kama hujui wendako, usiupande."

Wateja wote walitaka Chuchunge.

Nami nilitaka Chuchunge. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimejifunza kuogelea nikiwa mtu mzima, binti wa mkulima wa Rabai ambaye kwake bahari ilikuwa kitu cha kutazamwa ukiwa kilimani. Kwenye simu nilikuwa nimewaona wanawake wa nchi za mbali wakishuka mawimbi makubwa kuliko ofisi yetu, wamesimama juu ya mbao nyembamba, nywele zao zikipeperuka. Nilikwenda kwa Fundi nikiwa na hizo nywele kichwani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Karani. Njoo, kaa."

"Leo sikuja kula. Nataka uniundie ubao."

Aliacha randa. "Wa wapi?"

"Wa kwetu, Kisauni. Lakini ule mwembamba."

"Kisauni pana maji ya Chuchunge?"

"Nitayafuata yalipo."

"Utayafuata mpaka wapi? Lamu?" Alikwenda pembeni, akabeba Mlango uliokuwa haujavikwa faiba, akausimamisha mbele yangu. Ulinipita kwa kichwa na shingo. "Wako ni huu."

"Fundi, huu si ubao. Hii ni meza."

Alicheka mpaka unga ukamwanguka mabegani. "Basi andalia chakula juu yake. Lakini wako ni huu."

Nilikasirika kwa namna ambayo sasa naona aibu kuieleza. Niliona ameniambia kwamba mimi ni mzito, mwoga, na mwanamke. Hakuwa amesema hata moja kati ya hayo. Alikuwa amesema tu maji ya kwetu yako vipi. Lakini mtu aliyekwisha kuamua jambo husikia anachotaka. Wiki hiyohiyo nilinunua ubao kwa mtalii mmoja aliyekuwa akifunga virago, mfupi, mkali, una michoro ya miali ya moto tumboni. Nikaacha kula chakula changu karakanani.

Msimu ule wote wa kusi, kila Jumamosi, nilishuka pwani na miali yangu ya moto. Nitasema ukweli: sikusimama hata mara moja. Nilipiga mikono mpaka mabega yakawa kama ya mtu aliyetwanga mahindi ya msiba, na kila wimbi lilipofika lilipita chini yangu kwa adabu. Kando yangu watoto wa Mtopanga waliteleza kwa vipande vya plywood, wakiniamkia. "Shikamoo, dada!" Wakapita.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane upepo ulikuwa mkali na maji yalikuwa yakianza kupwa. Nililala juu ya ubao kupumzika, na kwa kuwa ulikuwa mdogo, nusu ya mwili wangu ilikuwa ndani ya maji, mkondo ukanishika kama unavyoshika pindo la nguo. Nilipoinua kichwa, miavuli ya ufuoni ilikuwa midogo kama vifuniko vya soda. Nilipiga mikono kurudi. Sikusogea. Nyuma yangu nikaanza kusikia mwamba, maana mwamba husikika kabla hujauona, mngurumo wa chinichini kama lori lililowashwa likaachwa. Nilipiga kelele kwa Kirabai. Sijui kwa nini kwa Kirabai. Hakuna ambaye angenielewa isipokuwa mama yangu, naye alikuwa shambani.

Aliyenisikia ni nahodha wa boti ya kioo, zile zinazowapeleka wageni kutazama samaki. Alinivuta kwa mkono mmoja, akaweka ubao wangu kando ya familia moja ya wageni, akautazama upande huu na upande huu.

"Dada," alisema, "huu ubao ni mzuri sana. Utundike ukutani."

Jumatatu saa ya chakula nilikwenda Changamwe na sahani yangu. Nilikuwa nimejitayarisha kusikia nilichostahili kusikia. Fundi alikuwa anasugua kitu kwa msasa, hakuinua uso.

"Mwezi una siku ngapi, Karani?"

"Kumi na mbili."

"Basi Alhamisi bamvua." Akanyoosha msasa kuonyesha darini. Kulikuwa na Mlango mpya, umekwisha kuvikwa, umekwisha kung'arishwa, una mstari mmoja mwembamba wa buluu katikati. "Uteremshe. Wako huo."

"Umeutengeneza lini?"

"Mwezi ule ulonuna."

Hakusema neno jingine juu ya jambo hilo, si siku ile wala baadaye. Alhamisi niliomba ruhusa kazini, nikasema nina shughuli ya kifamilia, na alfajiri maji yakiwa yamejaa nilijilaza juu ya ile meza. Wimbi la kwanza lililofika lilininyanyua. Sikufanya lolote, lilininyanyua tu, kama mtu anavyompakata mtoto, likanipeleka. Kwa la tano nilisimama. Nilisimama kwa hesabu ya kumi hivi, nikilia na kucheka pamoja, mpaka mchanga ukagusa pezi la chini nikaanguka kifudifudi. Nimewahi kupandishwa cheo na nimewahi kuchumbiwa. Sijui kama lolote kati ya hayo lilikuwa kubwa kuliko ile hesabu ya kumi.

Mtu huyu aliyekuwa na uhakika kiasi hicho juu ya maji, kwa mengine alikuwa vurugu tupu. Hakupima kwa futi wala kwa sentimita. Alipima kwa shibiri, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa mkubwa, mbao za wanafunzi waliomwiga zilitoka fupi zote. Lakini sukari ya chai aliipima kwa kijiko cha dawa, akisawazisha juu kwa kisu. Aliswali kwa wakati, alilala kwa wakati, alikosana na mkwewe mmoja kwa kuwa mkwe huyo alichelewa robo saa kwenye maulidi, na hakuna ubao hata mmoja aliotoa siku aliyoahidi. Ukimwuliza alisema, "Bado hujakubali kuwa ubao." Tulizoea. Waliotaka haraka walipelekwa kwa maseremala.

Aliudharau mtandao. Alisema wanaochonga mbao huko ng'ambo wanachongea bahari ambazo sisi hatuna, na mtu anayeiga ubao wa kule ni kama anayevaa koti la baridi kwenda Kongowea sokoni. Hotuba hiyo niliisikia mara nyingi. Kisha siku moja nikaingia bila kubisha hodi, nikamkuta amekaa nyuma ya pipa, miwani puani, anatazama kwenye simu Mzungu mmoja akichonga ubao, na anamgombeza. "Wapunguza sana! Wapunguza sana, bwana we, utabakisha nini?" Aliponiona aliiweka simu chini ya paja.

"Nilikuwa nasikiliza mawaidha," alisema.

"Mawaidha mazuri, Fundi."

"Sana." Akainua kidole, ingawa hapakuwa na ndege.

Mwenyewe alipanda mawimbi mara moja kwa wiki, Jumapili baada ya alfajiri, na kama hujamwona hujaona kitu. Tumbo lake lilikuwa kubwa, kaptura yake ilimfika chini ya magoti, na juu alivaa shati la kazi la yadi ya makontena lililokwisha rangi. Akisimama juu ya ubao aliweka mikono nyuma, kiganja ndani ya kiganja, akatazama mbele, kama mtu aliye kwenye foleni ya benki ambaye anajua zamu yake itafika. Hakupinda, hakuruka, hakutikisika. Wimbi lilimleta mpaka kwenye maji ya magotini, akashuka kama anayeshuka ngazi ya msikiti. Vijana waliokuwa na Kolekole, wakijipindapinda na kurusha maji, waliacha walichokuwa wakifanya wakamtazama.

Kabla ya kuingia alikuwa na desturi moja. Alitupa majini kumbi la nazi, akakaa mchangani na chupa yake ya chai, akalifuata kwa macho lilikokwenda. Wakati mwingine lilimchukua nusu saa. Kisha alisema, "Leo mkondo wavuta kaskazini," au "Leo siingii," akafunga chupa akaenda zake, hata kama alikuwa ametoka Changamwe mpaka Likoni kwa ajili hiyo. Niliwahi kumwuliza kama haimuumi kurudi bila kuingia. Alishangaa. "Nimekuja kuiona bahari. Nimeiona. Wataka nini tena?"

Sasa nieleze lile jambo ambalo yeye mwenyewe hakupenda lielezwe kwa namna ya kumsafisha.

Palikuwa na bwana mmoja wa Likoni, askari wa hoteli, mwenye kifua kama kabati na moyo mzuri, mpandaji hodari kuliko sote. Huyu alimsumbua Fundi mwaka mzima kwamba anataka Chuchunge wa kupanda palepale Shelly. Fundi alikataa. Yule bwana akarudi. Alileta samaki, alileta maneno matamu, alileta rafiki zake wamsifu Fundi kwamba hakuna kama yeye kutoka Vanga mpaka Kiunga. Na Fundi, ambaye nilidhani hakuna sifa inayoweza kumtikisa, alitikisika. Aliuchonga. Nilimwona akiuchonga, na nilimwona alivyokuwa akisimama mbali kuutazama, kichwa pembeni. Ulikuwa ubao mzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza. Ulikuwa na pezi moja refu chini, kwa sababu Chuchunge bila pezi refu haushiki maji.

Wiki ya pili, maji yakiwa nusu, pezi lile lilinasa kwenye mwamba. Ubao ulisimama na mtu hakusimama. Alirushwa mbele, akavunjika mtulinga, ule mfupa wa begani, na matumbawe yakamchana uso kutoka sikioni mpaka kidevuni.

Nilikwenda hospitalini na Fundi siku ya kwanza. Kandokando ya kitanda walikuwa mama wa yule bwana na ndugu zake wawili, na wote walinyanyuka kumpa mzee kiti. Hakukaa.

"Mama," alimwambia yule mama, "mwanao hana kosa. Nilijua maji ya pale hayana kina cha pezi lile. Nilijua, na nilitia. Nilipenda kuuona ubao kuliko nilivyompenda yeye. Nimekuja useme lolote utakalo."

Yule mama alikuwa Mdigo wa Mtongwe, mwanamke wa maneno machache. Alimtazama Fundi, mimi nikatazama sakafu.

"Utakuja kesho?" aliuliza.

"Nitakuja."

"Basi njoo na supu. Ya hapa haina chumvi."

Mgonjwa akasema kwa upande wa mdomo usioshonwa, "Fundi, ni mimi nilokusumbua."

"Wewe nyamaza," Fundi alimwambia. "Wewe ulitaka. Mimi ndiye nilojua."

Alikwenda na supu kila siku mpaka yule bwana alipotolewa, Changamwe hadi Likoni, akivuka feri na chupa ya supu imefungwa ndani ya kikoi isipoe. Kisha alirudi karakanani akayachukua mapezi yote marefu aliyokuwa nayo, akayakata nusu kwa msumeno, moja baada ya moja. Miezi mitano hakuchonga kitu. Wateja walikuja, wakapewa chai, wakarudi. Mkewe alianza kuniuliza mimi, kwa sauti ya chini, kama namwona anakula. Unga ulipungua kwenye nyusi zake, nikaona zimekuwa za mvi chini yake. Muda wote huo hatukujua.

Aliyemrudisha kazini ni yule bwana mwenyewe. Alikuja na kovu lake, mkono bado mzito, akakaa juu ya debe langu.

"Fundi, wataka Likoni nzima tukapande mawimbi kwa milango ya vyoo?"

Fundi hakucheka, lakini kesho yake tulisikia randa. Tangu siku hiyo hakumkabidhi mtu ubao wowote kabla ya kwenda naye mpaka kwenye maji yake na kuyatazama pamoja naye, kumbi la nazi mkononi. Wengine walichoka wakaenda zao. Waliobaki wote wako salama mpaka leo, na sidhani kama walijua kwa nini mzee yule aliwashika mkono kwa nguvu vile walipokuwa wakiingia majini.

Miaka ikaenda. Mimi nilihamishwa ofisi, nikaolewa, nikazaa. Fundi naye alifunga karakana. Kifua kilikuwa kimekataa unga na nyonga ilikataa mwili, akapasuliwa, akatiwa chuma, yeye na mkewe wakaenda kuishi kwa binti yao Utange. Tulipigiana simu sikukuu kwa sikukuu. Kila mara aliniuliza bahari iko vipi, nami nilimwambia ipo.

Mwaka jana, asubuhi moja ya Jumatano nikiwa likizoni, nilikuwa nimekaa mchangani upande wetu wa Kisauni nikiangalia maji, nikasikia tuktuk ikipiga honi mpaka kwenye mchanga laini ambako tuktuk haifiki. Ilikwama. Akatoka Fundi, bakora mkononi, kofia yake nyeupe kichwani, amekonda hata shati la makontena lilikuwa likimpepea.

"Karani!" aliita. "Nimekujua kwa mgongo wako."

"Shikamoo, Fundi. Umefikaje huku?"

"Marahaba. Nimepanda tuktuk, wanionaje? Mke wangu amekwenda mazikoni Mtwapa, nikasema na mimi nitoke." Alisimama karibu nami, akiegemea bakora. Maji yalikuwa yamejaa, mawimbi madogo, mapana, yakija taratibu. Aliyatazama. Kisha akasema, bila kunigeukia, "Nitie majini."

"Daktari amesemaje?"

"Amesema nisisimame juu ya ubao. Hakusema nisilale."

"Ulimwuliza kuhusu kulala?"

"Nani amwulize daktari mambo ya kulala?"

Sikuwa nimekuja na ubao. Tuliazima kwa wale wanaokodisha ufuoni, ubao wa sponji wa kiwandani, wa rangi ya waridi, umemeguka kona moja kama mkate ulioumwa na panya. Nilimwona yule kijana wa kukodisha akitaka kusema kitu juu ya umri, akaona uso wangu, akapokea pesa. Dereva wa tuktuk alikuja akashika bakora na kofia. Mimi na yeye tulimshika Fundi huku na huku mpaka maji yakatufika kiunoni, tukamlaza kifudifudi, na nilipomwachia niliona alivyokuwa mwepesi, nikaogopa.

"Lipi?" nilimwuliza.

"Lolote."

Nilisubiri moja zuri, nikamsukuma. Wimbi lilimchukua. Niliona nyayo zake mbili nyeupe zikienda, zikiwa zimebanana kama za mtoto, na povu likamfunika, likamwonyesha, likamfunika tena, likampeleka mpaka kwenye mchanga kabisa, katikati ya akina mama wawili waliokuwa wakiosha miguu. Hakunyanyuka. Nilikimbia kwa namna mtu anavyokimbia majini, yaani hukimbii, huku namwona mkewe machoni pangu akirudi kutoka mazikoni.

Nilipomfikia alikuwa amelala ubavu, ndevu zimejaa mchanga, anacheka bila sauti, mabega yakitikisika.

"Umeumia?"

Alitikisa kichwa. Wale akina mama walikuwa wakicheka naye bila kujua ni nani. Nilipiga magoti kando yake, nikampangusa mchanga machoni. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona akishuka kwenye ubao, wake au wa mtu, mzuri au mbovu, bila kusema kasoro yake: omo nzito, kingo nene, mkia umezubaa. Nikangoja. Hakusema.

"Ubao uko vipi, Fundi?"

"Ubao?" Aliutazama ule sponji wa waridi uliokuwa ukijigonga miguuni mwake, kama ndiyo kwanza anauona. "Sikuuangalia."

Kisha akanipa mkono nimwinue. "Nigeuze upesi, Karani," alisema. "Wimbi lile kule laja."